Mota Imekohoa: Kusoma Dalili za Fueli Yabisi Safi Isiyo na Joto Kali

Ujumbe uliingia Jumamosi saa nne asubuhi, maneno matatu na video fupi: "Mwalimu, mota imekohoa." Kwenye video, mota ya roketi, silinda ya chuma iliyojaa fueli yabisi, imefungwa kwenye stendi ndani ya machimbo ya mawe upande wa Njiru, Nairobi. Inatoa moshi, inanyamaza, inatoa tena, inanyamaza. Pafu, pafu, pafu, pafu. Nyuma ya magunia ya mchanga sauti ya kijana inasema, "Imeshiba hiyo."

Mota haishibi. Ikikohoa ina njaa, na njaa yenyewe ni ya presha. Nilimpigia nikauliza swali moja tu, kuhusu nozeli, tundu la nyuma linalotolea gesi, na koo lake, yaani pale linapobana zaidi.

"Koo la nozeli ni milimita ngapi?"

"Kumi, Mwalimu."

"Umepima, ama umesoma kwenye mchoro?"

Kimya. Nikasikia begi likifunguliwa, kalipa ikitolewa. "Kumi na moja." Fundi wa Kariobangi aliyekereza nozeli alikuwa amevunja biti ya kumi akachukua iliyokuwa karibu. Milimita moja haimsumbui mtu kwenye bawaba ya mlango, lakini eneo la tundu hukua kwa kipeo cha pili cha kipenyo. Kutoka 10 hadi 11, tundu limeongezeka kwa asilimia 21. Gesi inatoka kwa urahisi mno, presha ndani inashuka, na moto unakosa nguvu ya kujishikilia.

Tangu vijana hawa waanze kupima fueli za kizazi hiki, zinazoungua kwa joto la chini na kutoa moshi usiochoma pua, simu za namna hii zimezidi. Kwa hiyo nimeandika dalili kwa mpangilio ule zinavyonifikia, na pale pa kuangalia kwanza. Jinsi ya kutengeneza fueli haimo humu. Mota zetu hujazwa na wenye leseni, sisi tunazipima. Kenya ina Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, na anayetaka kuchanganya unga kwenye sufuria ya nyumbani South B hajaelewa hata hatari ya ghorofa anayoishi.

Kwanza, "safi" na "baridi" maana yake nini

Fueli yabisi ya kawaida ya roketi kubwa ni mpira mgumu uliojaa chembechembe. Karibu asilimia 70 ni amoniamu perikloreti, chumvi inayotoa oksijeni. Nyingine ni unga wa alumini, asilimia 16 hivi katika zile roketi mbili za pembeni za Space Shuttle, chombo cha anga cha Marekani, na iliyobaki ni gundi ya mpira ambayo nayo inaungua. Joto lake linapita sentigredi 3,000. Kinachotoka nyuma ni mawingu ya alumini oksidi na gesi ya asidi hidrokloriki, na katika Shuttle asidi hiyo ilikaribia sehemu moja ya tano ya uzito wa moshi wote. Pale Florida, kwenye maji ya kina kifupi karibu na kituo cha kurushia, samaki walikuwa wakionekana wamekufa baada ya baadhi ya safari.

Kusafisha kuna njia kadhaa. Unaweza kuondoa alumini ili moshi upungue. Unaweza kubadilisha sehemu ya perikloreti kwa sodiamu naitreti, ili klorini ifungwe iwe chumvi kama ya mezani badala ya asidi. Au unaiacha perikloreti kabisa na kuchukua amoniamu naitreti, ambayo haina klorini hata chembe na inaungua kwa joto la chini zaidi.

Roketi haipotezi nguvu zote kwa kupoa. Kasi ya gesi inayotoka hutegemea joto likigawanywa kwa uzito wa molekuli, kwa hiyo gesi nyepesi hulipia sehemu ya joto lililopotea. Lakini deni lingine linabaki, na karibu kila tatizo utakalosoma hapa chini ni mtoto wa deni hilo: fueli baridi huungua polepole, hupenda maji, na haivumilii uzembe ambao fueli kali ingeusamehe.

Mota inakohoa

Umeshaona sababu ya kwanza. Sasa uelewe kwa nini. Fikiria jiko la makaa: ukipepea, makaa yanawaka zaidi. Mota ya fueli yabisi hujipepea yenyewe. Moto hutoa gesi, gesi hupandisha presha, presha huharakisha moto. Koo la nozeli ndilo linaloamua mzunguko huo utulie wapi. Likiwa pana, pepeo linalegea, moto unazimika juujuu, uso wa fueli unabaki moto kiasi cha kutoa gesi kidogo, gesi inashika tena, pafu. Fueli yenye amoniamu naitreti iko karibu sana na ukingo huo, kwa hiyo kosa dogo la fundi linatosha kuiangusha.

Pima koo kwa kalipa mara tatu, kila mara ukizungusha nozeli, kwa sababu mashine ya kukereza iliyochakaa hutoa tundu la umbo la yai. Koo likiwa sawa, hamia kwenye kiwashio. Fueli baridi huhitaji kiwashio kinachojaza chumba chote kwa miali ya moto. Cheche ya kugusa ncha tu haitoshi. Kiwashio kilichotosha mota ya alumini mwaka jana hakitatosha leo. Utalijua hilo kwenye mchoro wa presha, yaani grafu ya presha kadiri sekunde zinavyopita: kikohozi cha kiwashio hutokea mwanzoni kisha mota inashika na kwenda vizuri, ilhali kikohozi cha koo hurudi hadi mwisho.

Kuna wanaolaumu mwinuko. "Nairobi hewa ni nyepesi, Mwalimu." Ni kweli tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa yetu ina kama asilimia 82 ya presha ya Mombasa. Lakini mota ikishashika, chumba chake kiko kwenye presha mara makumi ya hiyo, na haijui kama iko Njiru au Nyali. Zaidi ya hapo, hewa nyepesi nje ya nozeli huongeza msukumo kidogo. Mwinuko unaweza kuchangia katika ile sekunde ya kwanza ya kuwasha tu. Kabla ya kulaumu mlima, laumu kalipa.

Moshi mweupe, na mliambiwa hakuna moshi

Hii ndiyo dalili inayopotosha watu wengi, maana jicho linaamini moshi kuliko linavyoamini namba.

Julai iliyopita, asubuhi ya manyunyu na baridi ile inayowafanya makanga wavae makoti mawili, walijaribu mota isiyo na alumini. Mwali ulikuwa msafi, karibu hauonekani. Kisha, hatua chache nyuma ya nozeli, mahali ambapo hakukuwa na kitu, wingu jeupe likazaliwa kutoka hewani. Kila mtu akasema fueli ni mbovu. Wiki moja baadaye, mchana wa jua, mota ya fungu hilohilo haikuacha hata utepe wa moshi.

Chanzo ni asidi. Fueli ile ilikuwa bado na perikloreti. Asidi hidrokloriki ikiwa gesi haionekani, lakini hunyakua mvuke wa maji na kuufanya matone, na hewa yenye baridi na unyevu ndiyo shamba lake. Ni ukungu wa kutengenezwa. Alumini ikiondolewa, kinachopungua ni moshi unaoonekana, asidi inabaki palepale.

Jaribio lake halifiki shilingi mia. Chukua karatasi ya litmasi ya buluu, ile ya maabara ya sekondari, ilowanishe, ibandike kwenye kigingi mita kadhaa upande unakoelekea upepo. Mota ikizimika, ngoja wingu lipite, nenda ukaiangalie. Ikiwa nyekundu, klorini ingali nawe, hata kama video inaonyesha mwali kama wa gesi ya kupikia. Ikibaki buluu na wingu lilikuwepo, basi moshi wako ni chembe za yabisi, tazama sehemu inayofuata. Sisi tulipata nyekundu ya kuiva kabisa, na mmoja wa wasichana akasema, "Kumbe tumekuwa tukivuta hii." Siku hiyo ndiyo stendi ilihamishiwa upande wa pili wa machimbo.

Ukoko kwenye nozeli

Ukifungua mota na kukuta ganda gumu kwenye koo, linalofanana na ukoko wa wali chini ya sufuria, usilikwangue kabla ya kupiga picha. Umbo lake ni ushahidi.

Fueli za sukari na potasiamu naitreti, ambazo wapenzi wa roketi wengi duniani huanzia kwazo, hazina klorini na joto lake ni kama sentigredi 1,400 tu. Kwa hilo zinastahili kuitwa safi na baridi. Lakini zaidi ya sehemu mbili kwa tano ya kinachotoka si gesi, ni potasiamu kaboneti, ambayo husafiri kama matone na kuganda inapogusa chuma baridi. Matone hayasukumi roketi kama gesi inavyosukuma, ndiyo maana fueli hizi hutoa takriban nusu ya nguvu ya zile za perikloreti kwa kila kilo.

Ganda likijikusanya, koo linapungua, presha inapanda. Kwenye mchoro utaona mstari ukipanda taratibu kama barabara ya kwenda Limuru, kisha unadondoka ghafla pale kipande kinapong'oka, kisha unapanda tena. Meno ya msumeno. Mara nyingi chanzo ni nozeli yenyewe kuwa nene na baridi mno, au kuta zake kuwa na mikwaruzo ya biti ambayo inashika matone. Kuing'arisha kwa msasa laini kulitupunguzia ukoko zaidi ya ushauri wowote mwingine niliowahi kutoa.

Na uoshe siku hiyohiyo. Potasiamu kaboneti hufyonza maji kutoka hewani na kugeuka utelezi wenye ualkali, na ualkali hula alumini. Tuliwahi kuacha kifuniko cha alumini kwenye ndoo wikendi nzima ya mvua za Aprili. Jumatatu kilikuwa na vishimo kama uso uliopona ndui. Maji ya moto ya kawaida yanatosha, hayahitaji dawa.

Kinyume cha ukoko ni koo lililoliwa. Hili linaonekana kwa fueli za alumini: chuma cha kawaida huyeyuka karibu na sentigredi 1,500, na gesi ya 3,000 hailiombi ruhusa. Huko unatumia grafiti. Kwa fueli ya 1,400, chuma laini cha Kamukunji kinavumilia. Hiyo ndiyo zawadi kubwa ya ubaridi, na kwa bajeti ya wanafunzi ni zawadi ya kweli.

Mluzi

Nadra, ila inatisha. Mota inalia sauti moja kali, stendi inatetemeka, na mchoro wa presha unanenepa kama umechorwa kwa kalamu ya kuvuja. Mawimbi ya sauti ndani ya chumba yanachezea moto na moto unayachezea. Katika fueli ya zamani, chembe za alumini oksidi zilikuwa zikinyonya mawimbi hayo, kama godoro ukutani. Umeondoa alumini ili upate usafi, na umeondoa godoro. Mwambie aliyekutengenezea mota. Dawa iko kwenye umbo la gogo la fueli na viungo vyake, si kitu cha kurekebishia uwanjani. Usiwashe nyingine ya fungu hilo.

Presha inapaa, au mota inapasuka

Hapa twende polepole.

Presha ikipaa ghafla, karibu kila mara eneo linaloungua limeongezeka kuliko lilivyopangwa. Gogo la fueli lina shimo katikati, na moto hula kutoka shimoni kwenda nje. Ufa mmoja unaongeza kuta mbili mpya. Fueli ikibanduka kwenye silinda, moto unapita nyuma ya gogo. Chuma hakina muda wa kulalamika.

Nyufa za fueli baridi zina hadithi yake. Amoniamu naitreti hubadilisha mpangilio wa fuwele zake kwenye sentigredi 32, na ikibadilika inavimba kwa zaidi ya asilimia 3. Ikipoa inarudi. Watu watasema Nairobi haifiki 32, na kwa kivuli cha Uhuru Park wana haki. Lakini mota haihifadhiwi Uhuru Park. Inakaa kwenye stoo ya mabati, au kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani Februari. Niliweka kipimajoto kwenye stoo ya vijana hawa kwa siku tatu: saa nane mchana kilikuwa 38, alfajiri 14. Kila siku fueli inavuka mstari ule mara mbili, inavimba na kusinyaa, mpaka inapasukapasuka ndani kama kiwanja cha Athi River wakati wa ukame. Unyevu unaharakisha. Mkulima aliyewahi kukuta gunia la mbolea ya CAN limegeuka jiwe stoo ameiona tabia hii kwa mbali.

Watengenezaji huchanganya viungo vya kuituliza fuwele ili isibadilike kirahisi. Hiyo husaidia, haiponyi. Mfano mkubwa kuliko wote haukutoka angani, ulitoka kwenye magari. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia amoniamu naitreti iliyotulizwa kujaza mifuko ya hewa ya usukani, kwa sababu inatoa gesi safi nyingi bila joto kubwa. Baada ya miaka ya joto na unyevu, tembe zile za fueli zililegea na kupata vinyweleo, zikaungua kwa kasi isiyokusudiwa, na kopo la chuma likapasuka likawarushia madereva vipande. Watu walikufa. Mwaka 2017 kampuni iliomba kinga ya kufilisika, baada ya urejeshaji wa magari ulio mkubwa kuliko wote katika historia ya Marekani. Nairobi imejaa magari yaliyotumika Japani kwanza. Ukiwa na gari la miaka hiyo, ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama lilikuwa kwenye orodha. Hiyo ni nje ya mada, lakini afadhali niiseme.

Baridi nayo ina kesi yake. Tarehe 28 Januari 1986, Challenger, moja ya zile Space Shuttle, iliondoka asubuhi yenye sentigredi 2 hivi. Mpira wa kuziba kiungo cha roketi ya kulia ulikuwa umekakamaa kwa baridi, haukujaza nafasi kwa wakati. Kamera zilionyesha vijiwimbi vya moshi mweusi kiungoni kabla hata ya sekunde moja kuisha, na sekunde ya 73 chombo kikavunjika, watu saba wakafa. Dalili ilikuwepo tangu mwanzo, mahali pasipotakiwa kuwa na moshi. Kwa hiyo ukitazama video ya jaribio lako, usitazame nozeli peke yake. Tazama viungo, kwa mwendo wa polepole, na ukiona moshi popote pengine, mota hiyo na ndugu zake zimekwisha kazi.

Cha kufanya kabla: hifadhi mota chini ya sentigredi 30, ndani ya chombo kisichopitisha hewa chenye vifuko vya kukausha, na kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini. Ipime uzito kila mwezi. Ikiongezeka, imekunywa maji. Iliyoongezeka uzito, iliyoanguka, au iliyovuka 32 mara nyingi hairudi kwenye stendi, hata kama ilinunuliwa kwa pesa ya harambee. Kijana mmoja aliniuliza kama anaweza kukausha fueli kwenye oveni ya mama yake. Nilimjibu kwa lugha ambayo haifai kuchapishwa.

Haiwaki kabisa

Usisogee. Toa ufunguo wa umeme, hesabu muda. Kwa roketi ndogo za mchezo kanuni inayotumika sana ni dakika moja kamili kabla ya kukaribia. Kwa mota za chuma sisi tunangoja nusu saa, kwa sababu fueli baridi inaweza kufuka kimyakimya ndani kisha ikashika. Anakwenda mtu mmoja, kwa ubavuni, haendi mbele wala nyuma ya mota.

Ukifika, anza na umeme kabla ya kushuku fueli. Mara ya mwisho tulilala kifudifudi nyuma ya magunia dakika 30, jua la saa sita likitupiga mgongoni, kila mmoja akitoa nadharia yake kuhusu unyevu. Nilipokaribia nikakuta klipu nyekundu imeuma plastiki ya waya. Shaba yenyewe ilikuwa haijaguswa.